Kazi ya meli ya mafuta ya jeshi la majini, na bibi na watoto wako Goma (uzi mrefu kidogo)

Mtoto_wa_Ndosho

Salamu kwenu wote, wa Goma, Bukavu, Lubumbashi na popote mlipo. Naandika huu uzi ju vijana wengi wa kwetu wenye wako Marekani wananiandikia kuuliza kazi ya meli, na karibu wote wanauliza mshahara. Hakuna mwenye aliniuliza bibi na watoto wanabaki aje. Mi nataka nianzie hapo hapo, mshahara tutaongea nyuma.

Mi ni mzaliwa wa Goma. Tulitoka na wazazi nikiwa mdogo, tukapita Uganda, kambi ya Nakivale, kisha tukapelekwa Marekani, uraia nikapata kule. Nilirudi Goma kuoa, na bibi yangu na watoto wako Ndosho, mtaa wa Goma, mpaka leo ju makaratasi yao bado yanatembea.

Kazi yenyewe: niko baharia raia kwenye meli za Military Sealift Command. Wengi wanafikiri nimekuwa askari, hapana. Hizi ni meli za serikali ya Marekani, jina la kila moja linaanza na USNS, na kazi yao ni kulisha meli za vita: mafuta, chakula, vipuri, risasi, barua. Wenye wanaziendesha ni raia. Ukiwa bandarini ukaona meli ya kijivu na bomba lake la moshi limepakwa mikanda ya nyeusi, kijivu, bluu na dhahabu, ujue ni sisi. Yangu ni ya mafuta, aina ya Henry J. Kaiser, urefu unapita mita 200 na inabeba mapipa kama 180,000. Mi niko upande wa deki, watu wa kamba na waya.

Sasa muelewe hiyo kazi kwanza, ju bila kuielewa hamtaelewa hamu ya nyumbani inamshika mtu saa gani. Kumpa mwenzako mafuta baharini hakufanyiki mkiwa mmesimama. Meli mbili zinatembea sambamba, kilomita 22 mpaka 26 kwa saa, katikati yenu mita 50 hivi, na hapo katikati maji yanachemka ju yamebanwa na meli zenyewe zinataka kuvutana, kwa hiyo mwenye ameshika usukani hana ruhusa ya kuwaza kitu kingine. Tunapiga kamba nyembamba kwa bunduki mpaka upande wa pili, wanaivuta, inafuata kamba nene, inafuata waya, waya ikishakazwa njo mpira wa mafuta unateremka juu yake mpaka unaingia kwenye mdomo wa tangi lao. Waya ikiwa imekazwa hivyo husimami karibu nayo ovyo, ikikatika inaua. Na mnaweza kuwa hivyo masaa manne, matano, upande wa kulia manowari moja, upande wa kushoto nyingine, zote zinanyonya pamoja, halafu ikimaliza moja inakuja ingine. Hata ile manowari kubwa ya kubeba ndege, batu wanafikiri ju inatembea na nyuklia basi haitaki mafuta, lakini ndege zake zinakunywa, na hayo mafuta ya ndege tunampelekea sisi.

Wakati wa hiyo kazi haukumbuki nyumbani, nasema ukweli. Akili yote iko kwenye waya. Hamu inakuja ukishavua glovu. Umeoga, umekula, uko kwenye kabini, mwili umechoka lakini usingizi haukuji, njo unaanza kujiuliza mtoto mdogo homa yake iliisha ao bado. Na ukitaka kupiga simu, saa zinakukatalia. Tukiwa upande wa Guam, kisiwa cha Pasifiki, Goma iko nyuma yetu masaa 8. Nikitoka kazini saa kumi na mbili jioni, kule ni saa nne asubuhi, watoto wako shuleni na mama yao yuko soko ya Virunga. Nikiamka saa kumi na moja asubuhi, kule ni saa tatu ya usiku, watoto wamelala, mara umeme hakuna na simu imezima.

Kuna pia wakati wakubwa wanafunga mawasiliano yote ya kutoka, wanaita River City, ju simu na intaneti vinaweza kumuonyesha adui meli iko wapi. Siku hiyo hakuna WhatsApp, hakuna vokali (ujumbe wa sauti), na huwezi hata kumwambia bibi kwamba hutapatikana, unapotea tu. Inaweza kuwa masaa, inaweza kuwa siku. Mi sipingi hiyo sheria, maisha ya wengi yako ndani yake, lakini familia isipoielewa mapema inawaumiza.

Kwa hiyo neno langu ni moja: usipande meli kabla hamjakubaliana nani anaamua mambo ya nyumba, na huyo awe yule mwenye yuko kwenye nyumba. Kabisa kabisa, si nusu. Batu wengi wanaogopa ule ukimya wa baharini. Mi nimeishi na mabaharia wenye asili ya kila nchi kwenye kabini moja na nimeona kitu kinachovunja nyumba zaidi, ni huyu mwenye akipata mtandao anaanza kutawala kwa simu. Mtoto asome shule gani, mjomba akopeshwe ao asikopeshwe, mpangaji afukuzwe, bati zinunuliwe wapi. Bibi anazoea kungoja jibu. Halafu mawasiliano yanafungwa, jibu halikuji, na ile nyumba nzima inasimama kama gari bila dereva, mtoto anarudishwa nyumbani ju ya minerval (ada ya shule) wakati pesa iko ndani ya simu ya mama yake na anaogopa kuigusa bila kuambiwa. Hii niliiona kwa jamaa tuliyelala naye kabini, mwanaume mpole sana, anaipenda familia yake kuliko kitu chochote. Lakini bibi yake hakuwa na ruhusa ya chochote.

Nitaendelea, ngoja nisome mnasema nini.

Kijana_Katuba

Aksanti sana mukubwa. Mi niko Lubumbashi lakini yaya yangu (kaka mkubwa) yuko Texas na ameshapata uraia, anataka hiyo kazi kabisa, hajawahi hata kupanda mtumbwi. Anaingia aje? Na mshahara usituache hivi hivi bwana, sema kidogo.

Mtoto_wa_Ndosho

Mwambie yaya yako hivi. Uraia wa Marekani ni lazima, hiyo anayo. Atahitaji kitambulisho cha baharia kinachotolewa na Coast Guard, walinzi wa pwani wa Marekani, na kadi ya TWIC ya kuingia bandarini, na pasipoti, apimwe afya, achunguzwe historia yake. Diploma kubwa hawaulizi kwa wenye wanaanzia chini. Milango ya chini ni mitatu: deki, chumba cha injini unaanza kama mtu wa kupangusa mafuta, na jikoni. Kutokujua bahari si shida, wanafundisha kuzima moto na kuokoa maisha majini kabla hajapanda.

Mshahara wa msingi si mkubwa vile batu wanafikiri, overtime njo inajaza. Na overtime maana yake ni kazi ya usiku na Jumapili, hiyo pia aijue. Na likizo: kawaida unafanya miezi 4 ndani ya meli kabla ya kuiomba, lakini mabaharia hawatoshi meli zilizopo. Mwaka 2024 ulijulikana mpango wa jeshi la majini la Marekani wa kuweka pembeni meli 17 kwa sababu hiyo hiyo, watu hawatoshi. Kwa hiyo mwambie asimuahidi bibi tarehe. Aseme msimu, asiseme tarehe. Mtoto akishaambiwa tarehe anaihesabu, na siku ikipita hakuna maneno ya kumueleza.

Mama_wa_Kadutu

Ndugu yangu wa Ndosho nimesoma yote. Mi niko upande wa pili wa hiyo simu. Bwana yangu ni baharia wa meli za mizigo, si ya jeshi, lakini bahari ni ile ile. Niko Bukavu na watoto.

Unasema mwenye yuko nyumbani aamue. Mi naitika, lakini umesema nusu. Kuamua ni mzigo, na kuna watu wengi wa kukuhukumu. Februari 2025 vita ya waasi wa M23 ilipofika hapa Bukavu, nilikuwa na usiku mmoja wa kuamua tubaki ao tuende Kamanyola tuvuke mpaka wa nchi. Simu ya bwana haipiti. Nikaamua tubaki, nikafunga mlango, tukalala chini na watoto, tukapona, Mungu asifiwe. Unajua shemeji zangu walisema nini? Kwamba mwanamke alichezea maisha ya watoto wa kaka yao, kwamba ningewauliza wao. Wangekufa watoto ningekuwa muuaji. Tungeondoka nyumba ikaibiwa ningekuwa mjinga mwenye aliacha mali. Sasa wewe mwanaume uko baharini unaniambia amua, lakini umewaambia ndugu zako kwamba mi njo naamua? Ao umeniambia mi tu, kwa simu, tukiwa wawili?

Hiyo njo wengi hawafanyi. Na nyumba za kwetu si za watu wawili, unajua vizuri.

Mtoto_wa_Ndosho

Mama, umeongea neno kubwa kuliko langu. Ni kweli, na ni lazima lisemwe mbele ya watu. Mi kabla ya kuondoka mara ya mwisho tuliita watu wa upande wangu na wa upande wake, chakula kikaliwa, na nikasema nikiwa nimesimama kwamba neno la bibi yangu njo neno langu, mwenye analipinga ananipinga mimi. Baba yangu mkubwa hakufurahi. Lakini alisikia, na wengine walisikia kwamba alisikia. Hiyo ilikuja kutusaidia, nitaeleza.

Mzee_wa_Kalemie

Vijana, na mimi niongeze. Baba yangu alikuwa kwenye jeshi la majini hapa ziwani Tanganyika, enzi za Mobutu. Ziwa siyo bahari lakini anaweza kupotea wiki nyingi, na simu haikuwepo. Yeye alifuata desturi, alimwachia mdogo wake uangalizi wa nyumba. Mshahara ulipitia kwa huyo baba mdogo. Mama yetu alikuwa anaomba sabuni kama mgeni ndani ya nyumba yake. Sisemi kwa uchungu, wote wameshatutoka, lakini nasoma hapa na ninaelewa kitu ambacho nilikuwa nakiona nikiwa mtoto bila kukijua jina.

Na hii kazi ya kuhudumia manowari isionekane ngeni kwetu. Mwaka 1915 Waingereza walileta boti zao mbili za vita, zilizoitwa "Mimi" na "Toutou", kutoka Cape Town mpaka hapa ziwani kupigana na Wajerumani. Treni iliwafikisha Fungurume kule Katanga, kutoka hapo boti zilivutwa porini na mashine za mvuke na ng'ombe kupita milima ya Mitumba, na njia hiyo na madaraja yake vilijengwa na mikono ya watu wa kwetu. Majina ya maofisa yameandikwa vitabuni. Vibarua wale walikuwa na wake na watoto pia, na sijawahi kuona mahali wameandikwa.

Kijana_Katuba

Mzee aksanti kwa hiyo, mi nimesoma shule karibu na Fungurume na hiyo hatukufundishwa. Yaya wa Ndosho, ulisema utaeleza ile ya familia kukusaidia. Januari 2025, vita ilipoingia Goma, ulikuwa wapi?

Mtoto_wa_Ndosho

Nilikuwa baharini.

Nieleze polepole. Wiki ile habari zilikuwa zinakuja moja juu ya ingine, Minova imechukuliwa, kisha Sake, na kila mtu wa Goma anajua Sake ikienda basi. Nilikuwa naongea na bibi kila nafasi niliyopata. Sikumwambia ondoka, sikumwambia baki. Nilimuuliza tu una maji ngapi, una makala (makaa), watoto wanalala wapi. Ni vigumu mno, mwanaume unataka kuamrisha ju kuamrisha kunakupa hisia kwamba uko pale. Lakini hauko pale. Husikii mlio unatoka upande gani.

Halafu mawasiliano yetu yakafungwa kwenye meli, na kule Goma umeme, maji na intaneti vikakatika. Tarehe 27 Januari mji ulikuwa umeingiliwa, na mi hiyo siku nilikuwa kwenye kituo cha waya tunapitisha mafuta, meli baada ya meli. Bosini, msimamizi wetu wa deki, alijua natoka Goma. Aliniuliza kama niko sawa kusimama pale ao anibadilishe na mtu mwingine, nikamwambia niache hapa. Kazi ya mikono ilinishika. Ningekuwa kabini ningepasuka.

Nyumbani mambo yalienda hivi, nilikuja kuyajua baadaye. Nyumba yetu ni ya mbao, kama nyingi za Goma, na risasi inapita kwenye mbao kama hakuna kitu. Jirani yetu mama mmoja mjane ana nyumba ya mawe ya volkano, kuta nene. Bibi yangu hakungoja mtu. Jumapili jioni alichukua watoto, godoro mbili, mabidoni ya maji, unga, akaingia kwa huyo mama, na akachukua pia mama yangu mdogo na wajukuu zake. Baba mkubwa alituma mtu aseme wote wavuke Gisenyi, upande wa Rwanda, usiku ule. Bibi yangu akajibu kwamba barabara ya kwenda mpaka wa nchi inapigwa, hatoki na watoto usiku. Na hakuna mwenye alimvuta mkono, ju walikuwa wamesikia maneno yangu siku ile tulipokula pamoja. Walilala chini ya meza siku zile zote. Kwenye ukuta wa mbao wa chumba cha watoto tumekuta matundu ya risasi.

Nilipata habari kupitia Birere. Binti ya mama yangu mdogo anakaa pale karibu kabisa na mpaka, ana laini ya Rwanda, mtandao wa Gisenyi unamfikia. Mtu alitembea kwa miguu kutoka Ndosho kumwambia tuko wazima, yeye akaniandikia mstari mmoja, na ule mstari nikaukuta mawasiliano yalipofunguliwa. Niliusoma nikiwa nimesimama kwenye korido ya meli. Sikuweza kuongea na mtu kwa muda.

Basi mkiniuliza hamu ya nyumbani ni nini kwa baharia, mi sizungumzii tu kukosa sombe (kisamvu) na sambaza (samaki wadogo), ingawa hiyo nayo inauma, ukila nyama ya kopo na viazi mwezi mzima utaota bugali. Nazungumzia kuishi ukijua kwamba watu wako wanaweza kupita kwenye moto na wewe ukaja kusikia wameshatoka. Hauwezi kuliondoa hilo. Unaweza tu kuwaacha wakiwa na ruhusa, pesa na watu.

Mama_wa_Kadutu

Nimelia. Mwambie bibi yako kuna dada yake hapa Bukavu anamsalimia sana. Na huyo mama mjane pia.

Sasa nieleze upande wa pesa, ju benki za Goma zilifungwa Januari hiyo ya 2025 na hapa kwetu shida ilikuwa ile ile. Unatuma aje? Mi bwana akituma yote kwa mara moja kwenye simu, kibanda hakina cash, ao wananikata komisyo mpaka najiuliza imebaki nini.

Mtoto_wa_Ndosho

Salamu zitafika mama.

Pesa: usimruhusu atume yote kwa namba moja. Sisi tuna namba tatu, mbili za bibi kwenye mitandao miwili tofauti na moja ya yule binti wa Birere. Natuma kidogo kidogo, ju kibanda cha mobile money kikikosa dola kinaweza kuwa na franga, na kiasi kidogo mtu wa kibanda anakipata bila kukukata sana. Minerval tunalipa mwanzo wa muhula mapema, siachi idai ikiwa mi niko kwenye maji. Dawa na makala tunaweka za akiba. Na kuna kiasi ambacho ni cha hatari tu, kiko kwa mkono, noti safi zisizochanika, bibi anajua kiko wapi na haniulizi kabla ya kukitumia. Akikitumia ananiambia baadaye na mi sitaki maelezo, nauliza tu nijaze kiasi gani.

Mzee_wa_Kalemie

Hapo kwa noti safi umesema kweli. Huku pia dola yenye kachaniko kadogo wanakurudishia.

Mama_wa_Kadutu

Na watoto unaongea nao aje, na zile saa zinazogongana? Wangu mdogo amefika mahali anakataa kuja kwenye simu. Anasema papa ni wa kwenye simu. Hilo linaniumiza kuliko pesa.

Mtoto_wa_Ndosho

Usimlazimishe kuja kwenye simu, mama. Wangu wa pili alipitia hapo. Tulichofanya, niliacha kupiga ili wao waje kunisalimia kama mkubwa wa ofisi, habari yako papa, nzuri, sawa, kwisha. Natuma vokali fupi, namueleza kitu kimoja nimekiona. Leo pomboo walikuwa mbele ya meli. Leo helikopta ilibeba chakula ikining'iniza kwa kamba mpaka meli ya pili. Anaisikiliza saa yake, akirudi shule, hata mara kumi. Na yeye ananirudishia yake akitaka, ya mpira, ya mwalimu, ya mbuzi wa jirani. Nikiwa kwenye River City vokali zake zinajikusanya, na nikifungua nazisikiliza kwa kufuatana, na namjibu kila moja, hata ile ya wiki mbili nyuma, ju anakumbuka ameniambia nini na anangoja kuona kama nimesikia.

Jaribu na bwana yako hivyo. Mwambie asianze na kuuliza maksi za shule.

Kijana_Katuba

Nimetuma huu uzi wote kwa yaya yangu Texas. Amejibu swali moja tu: laini ya Rwanda, mama yetu hapa Lubumbashi haina maana, aweke nini badala?

Mtoto_wa_Ndosho

Hapo kwenu ni Zambia, lakini mpaka wa Kasumbalesa uko mbali na mji, mtandao wa kule hautamfikia mama. Aweke laini mbili za mitandao tofauti ya Kongo kwenye simu ya mama, na atafute ndugu mmoja Kasumbalesa mwenye anaweza kupokea ujumbe na kumfikishia. Ampe huyo ndugu kredi kila mwezi, asingoje shida ifike njo aanze kumtafuta.